Maji ya Chumba Namba Sita

Tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimembatiza mtu bila yeye kujua.

Nimeliandika hilo kabla sijakuuliza habari za goti lako, maana nikianza na goti nitaishia kwenye goti, unanijua. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, si Baba, si Paroko, si wenzangu wa hapa kazini. Wewe ndiye wa kwanza.

Haya, goti linaendeleaje? Unachua kila jioni kama ulivyoambiwa, au unachua siku likiuma tu? Mimi mzima wa afya. Ninakula vizuri, chumba walichonipa nyuma ya mahali pa kufulia kina joto zuri, na kazi nimeizoea. Naandika barua kwa sababu simu yako huipokea yeyote aliye karibu nayo, na ujumbe wako husomwa kwa sauti kama matangazo ya baada ya misa.

Nyumba hii ya wazee ina vyumba kumi na viwili, sita upande huu wa ukumbi na sita upande ule. Mimi nabadilisha mashuka, naosha wazee, nawalisha wasioweza kushika kijiko. Chumba namba sita yumo mzee mmoja aliyekuwa hakimu, na mpaka leo sote tunamwita Hakimu. Mkono wake wa kushoto haufanyi kazi, kifua chake kinakoroma kama birika, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Siku yangu ya kwanza aliuona msalaba shingoni mwangu akasema, "Huyo uliyemning'iniza hapo, umemuuliza kama anapenda kuning'inia juu hivyo?"

Hana dini. Hakuwahi kuwa nayo wala haitaki. Mwanawe ni mwenyekiti wa baraza la parokia huko anakokaa, naye kila akija kumtembelea humletea rozari. Hakimu anazo kumi na moja. Moja anafungia pazia.

Nina mwenzangu wa zamu ambaye wazee wamempa jina la Tarumbeta. Ni Mkatoliki mwenzetu, tunasali parokia moja, na Shangazi, Mungu anisamehe, simpendi. Anaingia vyumbani akiimba. Anawashika wazee vichwa bila hodi. Ana daftari dogo ambamo huandika kila mzee aliyeitikia "amina" kwenye sala zake, halafu Jumapili humwonyesha Paroko. Wiki iliyopita alimwandika bibi wa chumba cha tatu, ambaye huitikia amina hata kengele ya chakula ikilia.

Sasa Paroko alihubiri kwamba kila mmoja wetu aishirikishe imani yake mahali pake pa kazi. Nilikaa kwenye benchi nikajisikia mtupu. Mimi nikifungua mdomo mbele ya watu hutoka "samahani", basi. Nikasema moyoni, sitafanya kama Tarumbeta, lakini nitafanya nini?

Alhamisi ni siku ya kumwosha Hakimu kichwa. Tuna beseni lenye mkato wa kuegeshea shingo. Ana nywele nyingi, nyeupe, anazionea fahari, na kila nikimwosha husinzia. Asubuhi hiyo daktari alikuwa ametuambia kifua chake si kizuri. Nikakumbuka ulivyotufundisha: mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kubatiza, maji yatiririke na maneno yasipungue. Nikajaza kikombe. Nikamimina mara tatu. Nikasema maneno yote, kwa sauti ya chini hata masikio yangu mwenyewe hayakuyasikia vizuri.

Alipoamka akasema, "Leo umenisuuza sana, binti. Nina uchafu kiasi hicho?"

Kwa saa nzima nilijiona mkubwa. Nilimwangalia Tarumbeta na daftari lake nikamdharau mpaka nikaona raha. Yeye ana amina kumi na nne za hewa, nikasema, mimi nina roho moja nzima. Kisha nikapeleka chakula chumba namba sita, Hakimu akanishukuru, na ile raha yote ikaniisha. Sijui kwa nini. Tangu hapo sijalala vizuri.

Niambie, Shangazi. Sasa ni Mkristo? Nimwambie Paroko amwandike? Na tafadhali usimwambie Baba, atafikiri nimerukwa na akili.

Mwanao


Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Milele amina. Goti ni lilelile, halijaokoka. Nachua likiuma, na huuma kila jioni, kwa hiyo tumepatana. Mama mkubwa wako anakusalimu, ng'ombe wa jirani bado wanakula maua yangu, mengine ni mazima.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Hukumbatiza mtu. Ulimsuuza. Mtu mzima habatizwi mpaka atake mwenyewe, na huko kutaka akuonyeshe kwa neno au kwa namna nyingine yoyote ile. Hilo nililifundisha siku ileile, dakika tano baada ya lile la maji yatiririke. Lakini wewe na wenzako mlikuwa mmeshafunga madaftari kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na mimi niliona nikawaacha. Kwa hiyo robo ya kosa ni yangu. Robo tatu ni zako na sikupunguzii.

Kwake hakuna kilichobadilika isipokuwa mto ulilowa. Asiandikwe popote. Miaka thelathini nimefundisha katekisimu, nimeona watoto wakibatiza wanasesere, nimeona mmoja akibatiza kuku. Lakini kuku huwa macho.

Unanieleza habari za daftari la Tarumbeta kwa kurasa mbili, kana kwamba ni yeye anayeungama. Mwache. Debe tupu tunalijua sauti yake. Wewe nataka ujitazame. Una imani, nayo umepewa bure, na uliona haya kumwambia mzee neno moja juu yake. Ukaona afadhali umchukulie kichwa chake bila ruhusa. Kisha ukaiita aibu hiyo upole. Mwanangu, aibu si unyenyekevu. Mara nyingi aibu ni kiburi kilichoogopa kuchekwa.

Kaungame. Halafu mwambie mwenye kichwa. Usimtume mtu, usimwandikie karatasi ukaiweka chini ya sahani, nakujua. Mdomo wako mwenyewe.

Baba yako sitamwambia.

Shangazi yako


Tarehe 3 Machi

Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo na goti limepoa kidogo. Mimi sijambo. Hapana, si kweli, lakini mwili haujambo.

Barua yako niliisoma chooni kwa sababu ndipo penye komeo, na nililia kwa hasira. Ungeweza kusema yote hayo bila kuku.

Nimeungama. Paroko aliniambia hayohayo uliyoniambia, ila kwa upole, maana yeye hana goti. Aliniuliza kama nimemwambia mzee. Nikasema nitamwambia. Sijamwambia. Ngoja nikueleze kwa nini, halafu unitukane vizuri.

Jumatatu Tarumbeta aliingia chumba namba sita na chupa ya maji ya baraka. Mimi nilikuwa natandika. Akamwambia Hakimu, "Babu, leo lazima shetani atoke!"

Hakimu akasema, "Atoke aende wapi? Mvua inanyesha."

"Usicheze na mambo ya Mungu, babu."

"Sichezi. Nauliza maswali. Huyo shetani umemwona?"

"Hatumwoni kwa macho."

"Umemsikia?"

"Hapana, lakini..."

"Basi shahidi hajaona wala hajasikia. Ulimjuaje kwamba yuko kwangu na si kwako? Wewe ndiye unayepiga kelele."

Tarumbeta alitoka na chupa yake, na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikauma shuka. Hakimu akafurahi. Akaniambia, "Unaona? Wewe ndiye pekee humu ndani ninayeweza kulala mbele yako. Unaniosha, unaniacha na mambo yangu. Una msalaba na una adabu, vitu ambavyo sijaviona pamoja mara nyingi."

Nilihisi kama nimemeza sabuni.

Kisha akatoa karatasi chini ya mto. Ameandika mwenyewe kwa mkono wa kulia, mwandiko kama wa kitabuni: kwamba ana akili timamu, kwamba hana dini, kwamba hajabatizwa kamwe katika maisha yake, na kwamba akifa azikwe bila ibada ya dini yoyote. Shahidi wa kwanza ni mtunza bustani, ameshatia sahihi. Wa pili ananitaka mimi. Akasema, "Mwanangu atakuja na mapadri watatu kabla sijapoa. Lakini sahihi ya Mkatoliki, tena asiye na mdomo, hataweza kuibishia."

"Hajabatizwa kamwe." Nilisoma mstari huo mara nne. Najua umesema ule si ubatizo, na Paroko amesema hivyo. Lakini mkono ulioshika kikombe ndio uleule anaoutaka ushike kalamu. Nikamwambia mikono yangu ina maji, nitatia sahihi kesho.

Leo ni siku ya nne nina mikono yenye maji.

Nikimwambia, nitampoteza. Huyu mzee ambaye anamdharau kila mtu, mimi hanidharau. Huo ndio ukweli wote, na sasa umeujua, unaweza kuniita jina lolote.

Mwanao


Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Hatujambo.

Huyo asiyedharauliwa si wewe. Hakujui. Anayemheshimu ni binti mwingine, mwenye adabu, ambaye hayupo.

Umenieleza vizuri jinsi unavyompenda mzee wa watu. Sasa mwambie. Barua nyingine usiniandikie mpaka umwambie, stempu ni mali.

Shangazi yako


Tarehe 18 Machi

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za siku nyingi? Huku tunaendelea. Nimemwambia.

Ilikuwa Alhamisi tena, lakini niliacha beseni nje. Niliingia mikono mitupu na kufunga mlango. Akaniuliza, "Maji yako wapi?"

Nikasema, "Mzee, nina jambo."

"Liseme upesi. Umri wangu hauruhusu utangulizi."

Nikalisema. Sikuzunguka. Nilisema, "Ile Alhamisi daktari alipokuja, ulilala, nikakumiminia maji mara tatu, nikakubatiza. Kanisa langu linasema haikuwa kitu, kwa sababu hukutaka. Lakini nilifanya."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Nisaidie kukaa." Nikamwinua, nikamwekea mito. Akakunja ule mkono mzima juu ya ule mgonjwa. Sura yake ikawa ya mtu nisiyemjua, na nadhani ndiyo sura waliyoiona watu wengi maishani mwao mara moja tu.

"Rudia. Na tarehe."

Nikarudia, na tarehe.

"Mlalamikaji alikuwa macho?"

"Hapana, Mzee."

"Aliomba?"

"Hapana."

"Angeulizwa, angekubali?"

"Hapana."

"Hilo ulilijua wakati unajaza kikombe?"

Nikasema nililijua. Sikutaka kulisema, lilitoka lenyewe.

"Basi hukukosea. Aliyekosea ni mtu asiyejua. Wewe uliiba." Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu!" Alilitamka kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. "Ulikuwa na ujasiri wa kunifungulia mbingu, hukuwa na ujasiri wa kunifungulia mdomo. Haya. Nimekulisha vicheko miezi miwili, sijawahi kukusikia ukisema unachoamini. Sema sasa. Mahakama inasikiliza."

Shangazi, nilisema. Sikusema kama kwenye kitabu chako. Nilisema naamini yupo anayenijua hata ninapokuwa nimenyamaza, na mimi nimenyamaza maisha yangu yote, kwa hiyo kwangu hilo si jambo dogo. Nikasema shuleni mwalimu alifundisha darasa letu mwaka mzima bila kujua jina langu, nikawa naenda kanisani mchana kukaa tu, na pale nilijulikana. Nikasema sikutaka yeye aondoke duniani akidhani hakuna anayemjua isipokuwa watu aliowafunga. Nikasema nampenda Yesu. Niliposema hivyo nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni.

Hakucheka. Akasema, "Hayo ungeniambia Januari. Ningekukatalia, ungesikitika, nami ningekuheshimu mpaka kufa."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

"Hapa hatutoi msamaha. Tunatoa hukumu. Kuanzia leo utapita mlango huu bila kuingia. Ataniosha yule mwenye kelele."

Nilishtuka. Nikamwambia, "Tarumbeta? Atakuimbia!"

"Aimbe. Yule nikiwa nimelala namsikia akija."

Nikatoka. Ukumbini nilimkuta Tarumbeta akiwa na ndoo, nikamwambia kuanzia leo namba sita ni yako. Akaangalia juu akasema, "Asante, Bwana, hatimaye umemgusa!" Kwa mara ya kwanza sikuona cha kumcheka. Yeye alikuwa mpuuzi mchana kweupe, mbele ya watu wote. Mimi nilijificha. Nikimdharau tena nitakuwa nadharau mtu aliyenizidi.

Ile karatasi haijatiwa sahihi ya pili. Hakuniomba tena.

Mwanao


Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Milele amina. Goti limepata fimbo, na fimbo imepata kazi: watoto wa darasa la komunyo ya kwanza wanaiogopa kuliko jehanamu.

Sasa angalau umesema. Mzee amekuhukumu kwa haki, na ningeketi kwenye kiti chake ningekupa zaidi. Usimletee barua, usimletee zawadi, usimtume mtunza bustani akamlainishe. Hukumu itumikie. Ukipita mlangoni pake asubuhi, msalimie. Akiitika, vizuri. Asipoitika, umeshasalimia.

Hayo uliyomwambia juu ya kujulikana, mimi kwa miaka thelathini sijayasema vizuri hivyo. Nimeyasoma mara tatu. Sitakusifu zaidi ya hapo, utavimba kichwa, na wewe na vichwa tumeshaona.

Shangazi yako


Tarehe 12 Juni

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe kwa kimya. Nimepokea kadi yako ya Pasaka na ile barua ya Mei uliyoniuliza kama ningali hai. Ningali hai. Hakimu amefariki, wiki mbili sasa. Nilikuwa nasubiri nitulie ndipo niandike.

Nilimsalimia kila asubuhi kama ulivyosema. "Shikamoo, Mzee," kutoka mlangoni, halafu napita. Siku nane hakuitika. Siku ya tisa akasema, "Bado upo?" Nikasema nipo. Akasema, "Marahaba," kwa sauti ya mtu anayelipishwa. Ndivyo tulivyoishi Aprili nzima. Nilimsikia Tarumbeta akimwimbia ndani, na yeye akimsahihisha maneno ya wimbo, maana aliyasikia mara nyingi kuliko mwimbaji.

Katikati ya Mei kifua kilizidi. Akamtuma mtunza bustani aniite. Niliingia, nikasimama palepale penye mlango. Karatasi ilikuwa mezani, na kalamu. Akasema, "Tia sahihi."

Nikamwuliza kwa nini mimi, baada ya yale.

"Nimekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na saba. Mashahidi waliosema uongo kwa kunipenda ni wengi, na waliosema uongo kwa kuniogopa ndio usiseme. Aliyekuja kujishtaki mwenyewe bila kukamatwa, nimempata mmoja, tena msafisha vyoo."

Nikatia sahihi. "Hajabatizwa kamwe." Ni kweli. Halafu, Shangazi, nikamwuliza. Nilisema, "Mzee, naomba ruhusa kukuombea."

"Hapa?"

"Popote utakaporuhusu."

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama kesi kubwa. Akasema, "Chumba hiki, hapana. Kaburi langu, hapana. Chumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa, ni nje ya mamlaka yangu." Halafu akageukia ukuta. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Alikufa Jumanne mchana, wakati wa chakula, mimi nikiwa namlisha bibi wa chumba cha tatu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Jumatano niliitwa ofisini kwa Msimamizi wa nyumba hii. Mwanawe Hakimu alikuwepo, suti nyeusi, macho mekundu. Tarumbeta alikuwepo na daftari lake. Msimamizi akasema kuna karatasi marehemu aliiacha, "lakini karatasi ni karatasi tu," na Tarumbeta ana ushuhuda.

Tarumbeta akasimama. Akasema Ijumaa alimsomea marehemu sala ya toba, na mwishoni marehemu akasema amina. Ameiandika. Akatuonyesha.

Mwanawe akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya, Shangazi. Nilitamani awe mbaya. Akasema, "Binti, wewe nimesikia ulimwosha baba yangu miezi. Wewe ni wa Kanisa. Niambie tu, hakuwahi kutaka? Hata kidogo? Hakukuomba maji hata siku moja?"

Maji! Alisema maji. Chumba kizima kilinitazama, na nilielewa kwamba neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Nisingelazimika hata kudanganya. Ningesema, "Nilimmiminia," basi. Wasingeuliza alikuwa macho au amelala. Yule baba angenikumbatia. Kengele ingepigwa, jeneza lingeingia kanisani, Paroko angeshangiliwa pamoja nami, na mimi ambaye sijawahi kusikika ningesikika parokia nzima.

Nikasema, "Hapana. Hakutaka."

"Una hakika?"

"Nilimwuliza, akakataa. Karatasi ina sahihi yangu. Na ile amina sikuwepo, lakini kwa miezi miwili alikuwa akimmalizia dada huyu nyimbo zake ili atoke upesi."

Ungemwona Tarumbeta! Akasema, "Mkatoliki gani wewe? Mzee wa watu unamzibia mlango wa mbinguni kwa mdomo wako?" Msimamizi akasema nimekosa utu, na kwamba watu wa kimya ndio wa kuogopwa. Mwanawe alinitazama tu, kutoka viatuni mpaka usoni, kama unavyotazama kilichokwama kwenye soli. Macho hayo nitayabeba.

Lakini sikusema samahani. Nimelitambua hilo baadaye, nikiwa nafua.

Walimzika alivyotaka, bila sala. Mwanawe alisimama mbali, akaondoka kabla udongo haujasawazishwa. Mimi na mtunza bustani tulibaki. Mtunza bustani akavua kofia. Mimi nilifunga mdomo, na moyo pia niliuzuia, ingawa ulikuwa unakwenda wenyewe, maana kaburi alilikataza. Kisha nikarudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, na huko nikamwombea mpaka sauti ikakauka.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye "yule binti aliyemnyima mzee mbingu". Jumapili benchi langu lilikuwa na nafasi kubwa kushoto na kulia. Tarumbeta amemwacha Hakimu kwenye daftari lake, na amina yake. Paroko anajua ukweli wote, kwa sababu nilimwungamia, lakini hawezi kunitetea bila kuvunja siri ya kitubio, naye aliponipa komunyo mkono wake ulichelewa kidogo. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Jambo moja nakuomba. Darasa lako la ubatizo linaanza Julai, na najua unavyopenda mifano. Najua pia kwamba huu ni mfano mzuri, bora kuliko wa kuku. Usiutumie. Usiutumie hata ukibadilisha chumba, hata ukinigeuza mvulana, hata ukiuhamishia nchi nyingine. Wanafunzi wako wana ndugu, ndugu wana midomo, na mwanawe Hakimu anatafuta sababu usiku na mchana. Akisikia kwamba kuna maji yalimgusa baba yake, hatauliza kama baba alitaka. Watamchukua, Shangazi. Watamwandika kwenye kitabu chao, watamsomea kaburini kila alichokataza, nao watafurahi kweli kweli.

Februari nilikuomba unifichie kwa ajili yangu. Sasa mimi nijulikane tu, sina neno, hata Baba mwambie ukipenda kwamba binti yake amechukiwa parokiani. Lakini lile la Alhamisi usilitoe, hata nikifa mimi. Ni la mzee yule, naye hakuturuhusu.

Mwanao